Mama ana kidonda cha kulalia: nimpake nini?

SWALI

Shikamoo,

Naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi. Ana miaka 71. Alipata kiharusi, na sasa mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, hata maneno yanamtoka kwa shida. Alilazwa hospitali, kisha tukaruhusiwa kurudi naye nyumbani hapa Muheza. Siku chache baada ya kurudi, nikiwa namwogesha, niliona ngozi ya juu ya makalio, pale kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo, imekuwa nyeusi kuliko kwingine kama mtu aliyejigonga. Ikachubuka. Sasa ni shimo ambalo kifuniko cha chupa ya maji kinaweza kulifunika. Ndani kuna utando wa njano unaonata, na yanatoka majimaji yenye harufu. Kisigino cha kulia nacho kina gamba jeusi, kavu na gumu.

Nimeshauriwa mengi. Jirani alinipa vidonge vya rangi mbili nivifungue nimwage unga wake kwenye kidonda. Duka la dawa wameniuzia spiriti na haidrojeni peroksaidi. Shangazi ameleta tyubu ya tairi nimwekee makalioni ili kidonda kisiguse godoro. Kila nikibadilisha bandeji, gozi inang'oka na damu na mama analia.

Mama ana kama kilo 70. Mchana nipo mimi na dada wa kazi, usiku kaka yangu anarudi amechoka. Tunamlaza chali na mito mitatu kichwani ili aangalie televisheni. Anateleza kwenda chini, nasi tunamvuta juu kwa makwapa. Anavaa pampasi za watu wazima, tunambadilisha mara mbili kwa siku kwa sababu ya bei. Chakula chake ni uji na supu.

Ndugu waliokuja kumwona walisema kidonda hiki ni ushahidi kwamba hatumtunzi. Mwingine akasema waliopooza ndivyo walivyo, hakitapona. Naomba kujua: nimpake nini? Nimgeuze kila baada ya muda gani, na usiku je? Gamba la kisigino nilitoe? Na ni wakati gani wa kumrudisha hospitali?

Mtoto wa mama, Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza.

Umeuliza umpake nini. Hakuna dawa ya kupaka itakayofunga kidonda hiki wakati mama bado anakilalia. Kilichokitoboa ni uzito wa mwili wake mwenyewe, na tiba inaanza siku uzito huo utakapoondoka hapo. Gozi, maji ya chumvi na chakula vina kazi yao, nitaieleza, lakini vyote vinafuata nyuma ya hilo.

Mtu akilala chali muda mrefu bila kujisogeza, nyama iliyo kati ya mfupa na godoro inabanwa. Mishipa midogo ya damu inafungika, kama mpira wa maji uliokanyagwa, na nyama inakosa hewa na chakula. Wewe na mimi tukibanwa tunasikia maumivu na kujigeuza hata usingizini. Mama hawezi, na upande wa kulia huenda hata hasikii. Nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo inayokufa kwanza, ngozi ya juu inafuata. Ndiyo maana doa jeusi linaweza kujitokeza siku mbili au tatu baada ya madhara yenyewe kutokea. Kidonda kilichoonekana siku chache baada ya kurudi nyumbani huenda kilianza alipokuwa bado amelala sakafuni alikoanguka, au kwenye machela akisubiri vipimo. Waambie ndugu hivyo. Mtu akishapooza, saa chache tu kwenye kitu kigumu zinatosha.

Na huyo aliyesema hakiponi, mwambie amekosea. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Enzi hizo waliovunjika uti wa mgongo wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, na ilionekana kwamba ndiyo kawaida yao. Guttmann aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na ngozi yake ikaguliwe kila anapogeuzwa. Watu wale wakaanza kuishi, hata kufikia kushindana michezo. Kugeuzwa ni matibabu kamili, kuhesabiwe hivyo nyumbani kwenu.

Sasa tuone mnavyomlaza. Mito mitatu kichwani na mwili kuteleza ni jambo baya kuliko linavyoonekana. Anapoteleza, mifupa inashuka pamoja na nyama za ndani, ila ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka. Katikati, mishipa inavutwa na kukatika. Mnapomvuta kwa makwapa, ngozi ya makalio inaburuzwa kwenye shuka kwa mara nyingine, na bega la upande uliopooza linaweza kuchomoka kwa sababu misuli inayolishikilia imelegea. Acheni kabisa kumvuta kwa makwapa au kwa mkono.

Kwa kuwa kidonda kipo juu ya makalio, kwa sasa mama asilale chali. Alale ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, arudi kushoto. Lakini asilale ubavu kamili, nyonga ikiwa imesimama wima juu ya godoro, maana pale kwenye nyonga kuna mfupa mwingine na mtapata kidonda cha pili. Mwinamisheni kiasi tu, kama nyuzi 30: katikati ya kulala chali na kulala ubavu, akielemea zaidi upande wa chali, mto umeshika mgongo kuanzia begani hadi kiunoni, na mguu wa juu umelazwa kwenye mto mwingine ili magoti na vifundo visigusane. Ukimaliza, ingiza kiganja chako chini ya mfupa wa mwisho wa mgongo, kisha chini ya nyonga ya upande aliolalia. Kiganja kipite bila kubanwa sehemu zote mbili. Kisipopita, rekebisha mto. Jaribio hili la kiganja fanya kila mara, hata kama macho yanakwambia amekaa vizuri.

Kumgeuza mtu wa kilo 70 ukiwa peke yako kunawezekana. Kwanza vuteni kitanda kitoke ukutani ili kifikike pande zote mbili. Kama ni cha chini sana, kiinuliwe kwa matofali imara chini ya miguu yake hadi godoro lifike karibu na nyonga zako, la sivyo mgongo wako utakwisha kabla mama hajapona. (Hakikisheni hakichezi, na akiwa peke yake chumbani mito izuie pembeni asianguke.) Kunja shuka kuukuu la pamba mara mbili, litandike chini yake kuanzia mabegani hadi katikati ya mapaja. Hilo ndilo shuka la kunyanyulia. Wakati wowote wa kumsogeza juu au pembeni, mmoja ashike kulia na mwingine kushoto, mlikunje karibu kabisa na mwili, mhesabu moja mbili tatu, mnyanyue kidogo kisha msogeze. Akiteleza bila kunyanyuliwa mmemkwaruza.

Ukiwa huna msaidizi, tumia shuka hilo kumsogeza karibu na ukingo ulio mbali na upande atakaogeukia, ili akishageuka awe katikati ya kitanda. Simama upande anaogeukia. Mkono wake wa mbali ulaze kifuani; ukiwa ndio uliopooza, ushike kwenye kiwiko na kiganja, usiuvute. Kunja goti la mbali, unyayo ukanyage godoro. Weka mkono wako mmoja nyuma ya bega la mbali, mwingine nyuma ya nyonga, umgeuze aje kwako mwili mzima kwa pamoja. Goti lililokunjwa litafanya nusu ya kazi. Anapolala upande wa kulia, bega la chini livutwe mbele kidogo lisibanwe chini ya kifua, na akae upande huo muda mfupi kuliko wa kushoto, kwa kuwa hataweza kukuambia panauma.

Muda: mchana kila baada ya saa 2. Usiku, kwenye godoro zuri na visigino vikiwa hewani, mnaweza kufika saa 3, baadaye 4, lakini mpande taratibu. Ongezeni nusu saa, mkimgeuza kagueni ngozi aliyokuwa ameilalia. Alama ikififia ndani ya nusu saa, muda huo anauvumilia. Isipofifia, rudini nyuma. Mkifikia muda wa kumgeuza kila baada ya saa 4, kaka yako amgeuze saa 4 usiku kabla ya kulala na saa 8 usiku, wewe uanze saa 12 asubuhi. Bandikeni karatasi ukutani yenye saa, upande aliolala na jina la aliyemgeuza. Bila karatasi kila mtu hudhani mwenzake ameshamgeuza.

Ngozi ya watu weusi haionyeshi wekundu kirahisi, na maelekezo mengi husema tu "tazama wekundu". Msingoje wekundu. Tumieni mwanga wa dirishani, mlinganishe sehemu yenye mfupa na ngozi ya jirani yake: imekuwa nyeusi zaidi, ya zambarau, au inang'aa kama imevutwa? Kisha gusa kwa nyuma ya kiganja. Joto zaidi ya jirani, ubaridi, ugumu, au ulaini wa kubonyea kama nyama imejaa maji, yote ni dalili za ngozi inayoanza kufa. Mahali pa kukagua kila siku ni kisogo, masikio, mabega, viwiko, mfupa wa mwisho wa mgongo, nyonga, pande za magoti, vifundo na visigino. Mkiona doa la namna hiyo, msilisugue. Wengi hudhani kukanda kunarudisha damu, kumbe nyama iliyoumia inazidi kuchanika. Kazi ni moja tu: lisilaliwe tena mpaka liishe. Mafuta ya nazi yanafaa kwa ngozi kavu, yapakwe kwa upole.

Kisigino. Gamba likiwa kavu, gumu, limeshika pande zote, bila majimaji wala uvimbe pembeni, usilitoe, usiliroweke, usilipake kitu cha kulilainisha. Limefunika kilicho chini yake vizuri kuliko bandeji yoyote. Liache kavu, litazame kila siku. Kinachotakiwa ni kisigino kisiguse chochote: mto uwekwe kwa urefu chini ya shavu la mguu, kuanzia chini kidogo ya goti hadi juu ya kifundo, goti likiwa limekunjwa kidogo, na kisigino kining'inie hewani. Pitisha karatasi chini ya kisigino, ipite bila kukwama. Mto mdogo wa kuweka chini ya kifundo peke yake haufai, unahamisha mgandamizo kwenye kano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya kifundo. Siku gamba likianza kulainika, kutoa usaha, kunuka, au nyama ya pembeni ikivimba, mwahishe mama hospitali.

Tyubu ya tairi rudisha kwa shangazi kwa heshima na shukrani. Mtu akiikalia, ule mduara wa mpira unabana ngozi yote inayozunguka kidonda, damu inashindwa kuingia katikati, na nyama ya tundu inavimba. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino nazo hazisaidii.

Godoro lipime hivi: mama akiwa amelala, ingiza mkono chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, mkabala na makalio. Ukiusikia mwili wake karibu kabisa, yaani sponji iliyobaki haifiki sentimita 2.5, godoro limekufa. Sponji nzito ya inchi 6 au zaidi inafaa. Kama familia inaweza kununua godoro la hewa lenye pampu ni zuri, ila shuka liwe moja tu juu yake, pampu ipangwe kulingana na uzito wake, mjue litakuwaje umeme ukikatika, na bado ageuzwe. Mpira wa kuzuia mkojo uwekwe eneo la kiuno tu, juu yake kitambaa cha pamba kisicho na mikunjo. Mpira kugusana na ngozi katika joto la Tanga ni jasho siku nzima, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi.

Hapo ndipo ilipo shida ya pampasi mara mbili kwa siku. Najua bei. Fanyeni hivi: akiwa kitandani msimfunge pampasi, mtandikieni vitambaa vya pamba vya kufuliwa, kanga kuukuu zilizokunjwa zinatosha, pampasi zibaki kwa usiku na akitoka. Kila mnapomgeuza, gusa kama amelowa. Mpeni chombo cha choo kama nusu saa baada ya uji wa asubuhi, tumbo huwa tayari wakati huo, lakini asiachwe juu yake zaidi ya dakika 10. Akijisaidia, osheni kwa maji na sabuni isiyo kali, kausheni kwa kugusagusa, kisha pakeni Vaseline au krimu ya zinki, nyembamba. Poda isitumike, inaganda na jasho kwenye mikunjo.

Sasa kidonda chenyewe. Kwa ulivyokieleza, kimeshapita ngozi na kuingia kwenye nyama, kwa hiyo lazima muuguzi au daktari akione, wiki hii. Utando wa njano unaonata si lazima uwe usaha. Mara nyingi ni nyama iliyokufa. Usiukwangue nyumbani. Wa kuukata yupo hospitali, na kidonda chenye unyevunyevu unaofaa huusaidia kuachia wenyewe.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi ziondoe. Zinaua vijidudu vya juu juu, pamoja na nyama mpya inayojaribu kuota. Unga wa rangi mbili nao acha: unaganda, unaficha kinachoendelea chini, na unawafundisha vijidudu kuzoea dawa. Antibiotiki ni kwa maambukizi yanayosambaa, humezwa au huchomwa sindano kwa maelekezo ya daktari. Asali ya hospitali ipo na inatumika kwenye vidonda, ila ya sokoni inaweza kuwa na uchafu na vijidudu. Harufu ina dawa yake. Katika tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kero, vidonge vya metronidazole husagwa na unga kunyunyizwa kidondani, kwa sababu vinaua vile vijidudu vinavyotoa harufu. Muulize anayekitibu akuelekeze kiasi na siku.

Kusafishia, tengeneza maji ya chumvi: nusu lita ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, chemsha dakika 5 chombo kikiwa kimefunikwa, acha yapoe hadi uvuguvugu. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga. Nunua bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano yenyewe.

Nusu saa kabla ya kubadilisha bandeji mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Kama ni paracetamol na hana ugonjwa wa ini, kawaida ya mtu mzima wa uzito wake ni vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa siku, na pawe na angalau saa 4 katikati. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu, mlaze ubavu. Gozi ya zamani isivutwe. Imwagie maji ya chumvi, ngoja dakika 5 hadi 10 mpaka ielee, ndipo uitoe. Damu uliyokuwa ukiiona ni nyama changa iliyong'oka na gozi kavu, yaani kila siku uponyaji ulikuwa unarudishwa mwanzo. Osha shimo kwa maji ya chumvi kupitia bomba, kama mililita 100 hadi 200, yatiririkie kwenye beseni. Kausha ngozi ya pembeni tu, ndani acha na unyevu. Kingo za nje zipake Vaseline au zinki kidogo zisilainike kwa majimaji.

Chukua gozi safi, ichovye kwenye maji ya chumvi, ikamue mpaka isidondoke, ikunjue na uilaze ijaze shimo kwa ulegevu. Isisindikwe. Gozi iliyoshindiliwa inabana nyama kutoka ndani, na kidonda kinapata mgandamizo mwingine kwa mikono yako. Juu yake weka gozi kavu nene, kisha plasta, ishike kwenye ngozi nzima na si kwenye ile dhaifu. Badilisha mara moja au mbili kwa siku kulingana na majimaji, na papo hapo ikiingia kinyesi. Hospitali wakikupa bandeji za kukaa siku kadhaa, fuata ratiba yao, usizifungue kila siku kwa wasiwasi.

Kila wiki, siku ileile, pima kwa rula urefu na upana, uandike, upige na picha yenye rula pembeni. Macho yanayokitazama kila siku hayaoni mabadiliko. Mgandamizo ukiondoka kweli, ndani ya wiki 2 uanze kuona njano ikipungua na nyama nyekundu yenye punjepunje ikichukua nafasi. Kufunga kabisa ni suala la miezi, msikate tamaa kwa hilo. Wiki 2 zikipita bila mabadiliko, kuna kitu kinakizuia na hospitali lazima wakitafute: bado kinalaliwa, chakula hakitoshi, sukari iko juu, damu ni kidogo, au maambukizi yameingia hadi mfupani.

Na chakula, mwanangu, hapa mama anapungukiwa mengi. Uji na supu vinashibisha bila kujenga nyama. Mtu wa kilo 70 mwenye kidonda anahitaji protini kama gramu 90 hadi 105 kwa siku. Mayai 3 ni kama gramu 18. Vikombe 2 vya maziwa au mtindi, 16. Samaki vipande 2 vya ukubwa wa kiganja, kama 40. Kikombe cha maharage yaliyoiva na kulainika, 15. Karanga za kusaga gramu 30, kama 7. Jumla imefika 96. Uji usiachwe, upikeni kwa maziwa, mtie karanga zilizosagwa laini au yai lililokorogwa likaivia humo. Dagaa wa kusaga ni wazuri na wa bei nafuu. Tafuteni wasiokaushwa kwa chumvi, kwa kuwa aliyepata kiharusi mara nyingi ana shinikizo la damu. Mpeni kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Akiwa na ugonjwa wa figo, kiasi hiki kipangwe na daktari. Maji kama lita moja na nusu hadi 2, isipokuwa ameelekezwa kupunguza kwa sababu ya moyo au figo.

Akila, asilishwe amelala. Akikohoa, sauti ikiwa na majimaji baada ya kumeza, au chakula kikibaki shavuni, muulizeni daktari kuhusu kumeza kwake kabla ya kumwongezea chochote. Kwa milo, kiti chenye mgongo ulionyooka ni bora kuliko kumwegemeza kitandani: akikaa wima, nyayo zikiwa chini, uzito unahamia kwenye mifupa ya kukalia na kidonda hakibanwi. Akilegea na makalio yakateleza mbele, uzito unarudi palepale. Akae humo saa moja kwa mara, juu ya sponji nene, akiegemezwa upande mmoja kisha mwingine kila dakika 15 hadi 30. Kama lazima ale kitandani, wekeni kwanza mto chini ya magoti ndipo mwinue kichwa, asiteleze; abaki hivyo nusu saa baada ya kula, kisha mshusheni kichwa kisizidi nyuzi 30. Televisheni ihamishwe iwe pembeni, aione akiwa ameinama ubavu. Mnaweza hata kupanga tamthilia anayoipenda iangukie saa ya upande ule.

Kumrudisha hospitali bila kungoja miadi: homa au baridi kali ya kutetemeka, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida, kukataa kula ghafla, joto na uvimbe vinavyosambaa kuzunguka kidonda, usaha mwingi, harufu inayozidi licha ya kusafishwa, nyama nyeusi inayoongezeka, ngozi ya pembeni inayochakachaka ukiibonyeza, au mfupa kuonekana. Sumu ya kidonda ikiingia kwenye damu inaweza kuua, na kwa mzee homa inaweza isiwepo kabisa. Kuchanganyikiwa peke yake kunatosha kuwa sababu ya kuondoka usiku huohuo.

Kwa safari ya wiki hii, beba karatasi ya kumgeuza, picha yenye rula na orodha ya dawa zake. Omba apimwe sukari na wingi wa damu, ulizia chanjo ya pepopunda, na uombe mtaalamu wa fiziotherapia awaonyeshe namna ya kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Garini mlazeni ubavu kiti cha nyuma juu ya sponji, miguu juu ya mto, na mmoja akae naye kumshika. Mkifika, mwambieni muuguzi wa mapokezi mapema kwamba mgonjwa ana kidonda cha kulalia na hawezi kukaa kwenye benchi zaidi ya saa moja, ili apewe mahali pa kulala ubavu wakati mnasubiri.